Mwongozo Kamili wa Kumpamba Bi Harusi Katika Joto la Kisumu

Jasho la Kisumu halikauki upesi. Mji huu uko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwenye Ghuba ya Winam, karibu kabisa na Ikweta, na hewa itokayo ziwani huja ikiwa imebeba unyevunyevu wake. Jasho linalotoka usoni halina pa kwenda. Hubaki pale pale juu ya ngozi na kuanza kuinua kila kilichopakwa. Mpambaji aliyejifunzia kazi katika mji wa baridi hufika na mazoea yake, akapaka fandesheni nene, ile rangi ya ngozi inayopakwa uso mzima, saa kumi na moja alfajiri, akasifiwa na kila mtu chumbani, na ikifika saa nane mchana, wakati wa kukata keki, uso ule ule umepasuka vipande vipande kando ya pua na juu ya mdomo.

Nimewapamba maharusi mjini Kisumu, na mara kwa mara Siaya, Kakamega na Busia, kwa muda wa kutosha kuamini jambo moja: kinachoufanya uso udumu si bei ya vipodozi wala wingi wake, bali ni wembamba wa kila tabaka na muda ambao tabaka hilo limepewa kushika kabla ya jingine kuwekwa juu yake. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mpambaji anayeanza kazi. Anayejipamba mwenyewe nyumbani ataufuata pia, isipokuwa pale ninapozungumzia ratiba ya watu wengi.

Wiki tatu kabla ya harusi

Usikubali kumpamba bi harusi ambaye hujawahi kuugusa uso wake. Panga siku ya majaribio wiki mbili au tatu kabla ya harusi, na ukimaliza kumpamba, usimwache akae kitini ajitazame kwenye kioo tu. Mimi humwomba aende shughuli zake za kawaida: apande bodaboda, apitie soko la Kibuye, ale chakula cha mchana, kisha baada ya saa nne au tano anitumie picha aliyopiga nje, kwenye mwanga wa jua, bila kichujio chochote cha simu. Picha hiyo hunifundisha mengi. Huonyesha ni wapi mafuta hutokea kwanza, kama fandesheni imebadilika rangi, na kama nyusi zimesimama au zimetiririka.

Siku hiyo hiyo muulize maswali bila haraka. Je, kuna kipodozi kilichowahi kumwasha? Je, mpira wa glavu au plasta humtoa vipele? Swali hili la mwisho si la bure, kwa kuwa baadhi ya gundi za kope bandia zimetengenezwa kwa lateksi, yaani utomvu wa mpira, na mtu anayedhurika na mpira anaweza kuamka siku ya harusi macho yamevimba. Paka kidogo cha kila kitu kipya nyuma ya sikio lake au upande wa ndani wa mkono, kisha subirini saa 24 hadi 48. Hatua hii huchukua dakika mbili za kazi, na bado ndiyo ninayoona ikirukwa kuliko zote.

Muulize pia, kwa upole na mkiwa wawili tu, kuhusu krimu anazotumia. Wasichana wengi hushauriwa na jamaa wajichubue kidogo ili wang'ae siku ya harusi, na wanaofanya hivyo huona haya kusema. Krimu za kuchubua zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini Kenya, lakini bado zinauzwa kichinichini. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kudhuru figo. Nyingine huwa na dawa za steroidi kali, ambazo huifanya ngozi iwe nyembamba, nyekundu na yenye chunusi, na huweza kuacha mashavu yakiwaka kwa muda mrefu baada ya mtu kuziacha. Mpambaji hawezi kutibu hayo. Anachoweza ni kumshauri amwone daktari wa ngozi, na kumhakikishia kwamba ngozi yake ya asili ndiyo anayotaka kuipamba. Nimeona bega la msichana likishuka kwa faraja aliposikia maneno hayo, kwa hiyo sichoki kuyasema.

Katika wiki ya mwisho asijaribu kitu kipya chochote usoni. Asifanyiwe usafishaji wa uso wa saluni, asikamue chunusi, wala asinyolewe nyusi asubuhi ya harusi. Nyusi zishughulikiwe siku mbili au tatu kabla, iwe kwa uzi, nta au wembe, ili vipele vidogo vinavyofuata viwe vimeshatulia.

Mkoba na usafi wake

Brashi huoshwa kwa shampuu ya mtoto au sabuni laini ya maji baada ya kila kazi, kisha hulazwa juu ya taulo au kuning'inizwa nywele zikitazama chini. Ukizisimamisha zikiwa mbichi, maji hushuka ndani ya kishikizo, gundi hulegea, na nywele huanza kung'oka moja moja kwenye uso wa mteja. Sponji haifai kupita kwa watu wawili. Nunua za kutosha, au mwachie kila mteja yake.

Kati ya mteja na mteja, safisha vyombo vya chuma na ncha za brashi kwa spiriti ya asilimia 70. Wengine hutafuta yenye nguvu zaidi wakidhani ni bora, kumbe ile ya asilimia 90 na zaidi huvukiza kabla haijamaliza kazi. Maji yaliyomo kwenye ile ya 70 huisaidia kukaa juu ya chombo na kuingia ndani ya vijidudu. Usitie brashi ya midomo moja kwa moja kwenye lipstiki ya wote. Kwangua kidogo kwa kijiti bapa cha chuma, weka juu ya kisahani, chukua hapo. Maskara ipakwe kwa vibrashi vya kutupa, kila jicho kibrashi chake, na kibrashi kilichogusa kope kisirudi ndani ya chupa. Penseli zichongwe kabla ya kila mtu. Usipulize brashi kwa mdomo kupeperusha poda, kwa kuwa mate nayo huruka.

Tazama pia alama ya kikopo kilichofunguliwa nyuma ya kila kipodozi, yenye namba kama 6M au 12M: hiyo ni idadi ya miezi ambayo kipodozi hufaa baada ya kufunguliwa. Maskara haipaswi kuzidi miezi mitatu hivi. Kipodozi chochote cha maji kilichobadilika harufu kitupwe, hata kama kiligharimu pesa nyingi. Na mteja akifika na macho mekundu yanayotoa tongo, au kidonda cha homa mdomoni, sehemu hiyo isipambwe.

Hesabu ya alfajiri

Mpambaji mmoja huhitaji karibu dakika 90 kwa bi harusi, 40 kwa mama yake na 30 kwa kila msimamizi. Wasimamizi wakiwa sita, jumla ni dakika 310, yaani saa tano na dakika kumi. Ikiwa gari la kwenda kanisani linaondoka saa tatu asubuhi, kazi ilipaswa kuanza kabla ya saa kumi usiku. Familia nyingi hazijui hesabu hii, na ni wajibu wako kuwaeleza mapema, kwa maandishi, ili wakuruhusu kuja na msaidizi. Bi harusi asiwe wa kwanza, maana uso wake utachoka, wala asiwe wa mwisho, maana kuchelewa kote kutamwangukia yeye. Mweke wa pili kutoka mwisho.

Mkalishe akitazama dirisha. Taa ya darini hutupa kivuli chini ya macho na pua, nawe utajikuta ukipaka konsila, kipodozi kizito cha kufunika madoa, kufunika kivuli ambacho hakipo. Kwa kuwa alfajiri bado ni giza na stima hupotea bila kuaga, beba taa ya duara yenye betri inayotoa mwanga mweupe unaofanana na wa mchana, na jua likichomoza, msogeze mteja mlangoni uhakikishe rangi kabla hujaendelea.

Ngozi kwanza

Osha uso kwa sabuni laini isiyokausha, kisha kausha kwa kubonyeza taulo, si kwa kusugua. Ikiwa chumba kina joto, funga barafu ndani ya kitambaa safi na uipitishe juu ya paji la uso, mashavu na shingo kwa dakika moja au mbili. Mwili ukipoa kidogo, jasho huchelewa, na hizo ni dakika unazozihitaji baadaye. Feni nayo iwekwe ielekee mgongoni mwake. Ikielekezwa usoni, poda itaruka na macho yatatoa machozi.

Kwa Kisumu, chagua losheni nyepesi ya maji au ya jeli. Krimu nzito ya mafuta huteleza hata kabla ya ibada kwisha. Nikialikwa Nakuru, ambako kuna urefu wa mita zipatazo 1,850 na hewa kavu zaidi yenye vumbi, hufanya kinyume chake: krimu huongezeka, poda hupungua, kwa kuwa huko tatizo ni ngozi kukauka na fandesheni kung'ang'ania kwenye magamba madogo ya ngozi. Mpambaji anayetembea kati ya miji hii miwili na mkoba ule ule, bila kubadili chochote, atafaulu upande mmoja tu.

Picha za harusi huchukuliwa nje, ufukweni Dunga au chini ya miti, jua likiwa karibu utosini, kwa hiyo kinga ya jua ni ya lazima hata kwa ngozi nyeusi. Jua huzidisha weusi wa makovu ya chunusi kuliko jambo jingine lolote. Chagua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, paka ya kutosha, kisha subiri dakika 10 hadi 15. Zile zenye oksidi ya zinki au ya titani nyingi huacha weupe kama wa majivu kwenye ngozi ya kiafrika, na weupe huo huongezeka picha inapopigwa kwa flashi. Kwa harusi, tumia ya jeli isiyoacha alama. Usitegemee kinga iliyoandikwa kwenye chupa ya fandesheni, kwa kuwa hakuna anayepaka fandesheni kwa wingi unaohitajika ili kinga hiyo ifanye kazi.

Praima, yaani kipodozi kinachotangulia fandesheni ili ishike, ipakwe mahali inapohitajika tu: pua, katikati ya paji la uso, kidevu. Hakikisha asili yake inalingana na ya fandesheni. Praima ya silikoni chini ya fandesheni ya maji mara nyingi hukataa kushikana nayo, na utaona vijivipande vikijikunja chini ya sponji kama vya kifutio cha penseli. Jaribu viwili hivyo pamoja nyuma ya mkono wako kabla havijafika usoni kwa mtu.

Rangi ya ngozi yake, si ya chupa

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, maana ndipo nilipokosea vibaya.

Katika miaka yangu ya mwanzo nilimpamba msichana mmoja mweusi wa kupendeza, na nikachagua fandesheni iliyoangaza hatua moja kuliko ngozi yake, kwa kuwa ndivyo nilivyoona wengine wakifanya. Juu yake nikaweka poda nyeupe inayouzwa kuwa haina rangi. Kwenye kioo alionekana vyema. Kisha dada yake akapiga picha kwa simu, flashi ikawaka, na kwenye skrini ukatokea uso wa kijivu juu ya shingo ya kahawia, na chini ya macho duara mbili nyeupe kama za unga. Mama yake akaichukua ile simu, akaisogeza karibu na macho, akakaa kimya, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu ni binti yangu?" Niliosha kila kitu, nikaanza upya, na tulifika kanisani tumechelewa dakika 40. Tangu siku hiyo sijaipaka fandesheni kabla ya kuipiga picha yenye flashi.

Kilichotokea kinaelezeka. Fandesheni hupata rangi yake kwa kuchanganya oksidi za chuma, yaani nyekundu, njano na nyeusi, na dioksidi ya titani ambayo ni nyeupe. Kadiri rangi inavyoangazwa, ndivyo weupe huo unavyozidi, na weupe juu ya ngozi nyeusi husomeka kuwa kijivu. Poda zile nyeupe nyingi hutengenezwa kwa silika, ambayo hurudisha mwanga wa flashi moja kwa moja kwenye kamera. Macho hayaioni; kamera huiona.

Sasa, namna ya kuchagua. Ushauri wa kutazama mishipa ya mkono kama ni ya kijani au ya buluu hausaidii sana kwa ngozi nyeusi, kwani mara nyingi mishipa haionekani. Badala yake chora mistari mitatu midogo ya fandesheni kutoka taya kushuka shingoni: mmoja wenye wekundu ndani yake, mmoja wenye unjano, na mmoja wa katikati. Nenda naye nje. Subirini dakika 15, kwa sababu fandesheni nyingi huiva na kuwa nyeusi au nyekundu zaidi zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi. Mstari unaopotea usiuone tena ndio rangi yake. Usilinganishe na mkono, wala shavu peke yake. Kwa wengi wetu paji la uso na pembezoni mwa mdomo ni peusi kuliko mashavu, na shingo ina rangi yake. Kwa bi harusi ambaye gauni lake liko wazi mabegani, kifua ndicho shahidi: uso ufanane nacho. Mara nyingi hulazimika kutumia rangi mbili, nyeusi kidogo pembezoni na ya kawaida katikati, na hiyo si fujo bali ndiyo hali halisi ya uso wa mtu.

Upakaji wenyewe uwe wa kiasi. Chukua fandesheni ya ukubwa wa haragwe, iweke kwenye kisahani, anza katikati ya uso na utawanye kuelekea nje kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa hadi isidondoshe tone. Gonga, usiburute. Subiri dakika mbili. Tazama mahali palipobaki na doa, uongeze hapo tu. Ngozi iendelee kuonekana chini yake. Vitundu vidogo vya ngozi si aibu, na kwenye joto letu tabaka linaloviziba vyote ndilo linalopasuka kwanza. Maliza kwa kuteremsha kilichobaki kwenye sponji hadi shingoni na nyuma ya masikio.

Kwa weusi ulio chini ya macho na makovu ya chunusi, usikimbilie konsila ya rangi angavu. Weusi huo una buluu ndani yake, na rangi ya machungwa huuzima buluu. Kwa ngozi nyeusi sana tumia ya machungwa inayokaribia wekundu, kwa ngozi ya maji ya kunde ile iliyofifia, kiasi cha punje ya mchele, kabla ya fandesheni. Kisha konsila juu yake iwe ya rangi ya ngozi au angavu zaidi kwa hatua moja tu, ipakwe pale kwenye kona ya ndani ambapo kivuli kipo. Ile pembetatu kubwa ya konsila inayoshuka hadi katikati ya shavu hupendeza kwenye video, lakini bibi zetu hucheka na kusema msichana ameangukia unga, nami naona wana haki.

Poda na mpangilio wa kukaza

Kabla ya poda, bonyeza tishu safi usoni kote. Inyonye jasho na mafuta yaliyokwisha kutoka. Poda ikiwekwa juu ya unyevu hugeuka uji, kisha ukoko, na ukoko huo hautengenezeki tena. Baada ya tishu, tumia poda yenye rangi ya ngozi yake, iliyosagwa laini, na uibonyeze kwa pedi ndogo kwenye pua, chini ya macho, kidevu na paji la uso. Mashavu yapewe kidogo sana. Kulundika poda na kuiacha ikae dakika kumi chini ya macho kulibuniwa kwa ajili ya taa kali za jukwaani. Kwa mwanamke atakayecheka, kulia na kula mbele ya wageni, hufanya ngozi ionekane ya mtu mzima kuliko yeye.

Baada ya poda nyunyiza maji ya kukazia ukiwa umbali wa mkono, subiri yakauke, kisha bonyeza sponji yenye unyevu mara moja juu ya uso wote. Hapo tabaka za poda na krimu hushikana kuwa kitu kimoja.

Nyusi na macho

Usichore nyusi kwa rangi nyeusi tititi. Kahawia iliyokolea hutosha hata kwa nywele nyeusi. Anza kwenye upinde na kwenda mkiani, kisha rudi mwanzoni ukiwa na kilichobaki tu kwenye brashi, ili sehemu iliyo karibu na pua iwe laini. Mstari mkali wa konsila chini ya unyusi upunguzwe hadi usionekane ukiwa umbali wa hatua moja.

Rangi za kope za macho hushika vyema zikiwekwa juu ya konsila nyembamba iliyokazwa kwa poda kidogo. Rangi za shaba, kahawia nyekundu, dhahabu na zambarau iliyoiva huinuka juu ya ngozi nyeusi. Rangi hafifu zenye weupe hugeuka chokaa. Wanja uwe usioyeyuka kwa maji, na maskara vivyo hivyo, kwa kuwa hakuna harusi isiyo na machozi. Kuhusu wanja wa unga unaouzwa bila jina wala nembo ya ubora, usiutumie: baadhi yake husagwa kutokana na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kope bandia zipimwe kwanza juu ya jicho na kukatwa upande wa nje, usikate wa ndani. Paka gundi, hesabu sekunde 30 hadi iwe ya kunata, ndipo uibandike, ukianzia katikati, kisha kona. Watu wengi huibandika gundi ikiwa maji, nayo huteleza, wakaanza kuisukuma huku na huku hadi jicho linawasha.

Mashavu na midomo

Kwa mashavu, blasha iwe na nguvu: ya matofali, ya machungwa iliyoiva, ya zambarau. Ile ya waridi hafifu hupotea au kugeuka vumbi. Weka ya krimu kabla ya poda na ya unga nyepesi baada yake, na rangi itafika jioni.

Midomo ya wengi wetu ina rangi mbili, wa juu mweusi na wa chini wenye wekundu, na lipstiki moja huonekana rangi tofauti juu na chini. Jaza mdomo wa chini wote kwa penseli ya kahawia kwanza, halafu lipstiki. Bonyeza tishu, paka tena.

Kutwa nzima

Mwachie msimamizi mmoja mfuko mdogo wenye tishu, poda, lipstiki, vijiti vya pamba na gundi ya kope, na umfundishe kwa vitendo kabla hujaondoka. Jasho likitoka, abonyeze tishu na kuinua, asifute. Poda ifuate tu baada ya uso kukauka, na isizidi mara mbili au tatu kwa siku. Chozi lidakwe kwenye kona ya jicho kwa ncha ya tishu kabla halijashuka shavuni. Likishashuka, lisisuguliwe, ligongwe kwa kidole safi. Mvua za alasiri hunyesha ghafla upande wa Kakamega hasa, kwa hiyo mwavuli nao uwe garini.

Usiku, hata kama bi harusi amechoka, aanze na kope bandia: atie mafuta ya nazi kidogo au kiondoa vipodozi cha mafuta kwenye pamba, aishikilie juu ya jicho lililofumbwa kwa sekunde 30, gundi ilegee, ndipo aivue taratibu kutoka kona ya nje. Akizing'oa kavu, nywele zake za asili huondoka nazo. Kisha mafuta hayo hayo ayasugue usoni kwa vidole hadi wanja na fandesheni viyeyuke, afute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, aoshe kwa sabuni laini mara moja, apake losheni. Mto wake uwe na foronya safi.